Jezi ya nani ununue: kipenzi cha mashabiki au yule wanaemzomea wenyewe?

Watu wengi wanaoanza kufuatilia besiboli ya Marekani wakishachagua timu swali linalofuata ni lile lile, sasa nimshike mchezaji gani, jezi ya nani nivae, na jibu wanalopewa haraka haraka ni chukua yule anaependwa na wote basi. Mimi naona hilo jibu halitoshi. Kila timu kule ina mchezaji ambae mashabiki wako tayari kugombana na mtu kwa ajili yake, na ina mwingine ambae wanamzomea wao wenyewe, uwanjani kwao, akiwa amevaa jezi yao. Ukiwasimamisha hao wawili bega kwa bega unaijua timu vizuri kuliko kusoma msimamo wa ligi, na unapata picha ya nani wa kumpa moyo wako kwa miaka kumi ijayo.

Kabla ya majina tuelewane kwanza kwanini mtu amchukie mchezaji wa timu yake mwenyewe. Ligi kuu ya Tanzania bara timu inacheza mechi 30 kwa msimu, kule ni 162, kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba karibu kila siku, kwahiyo mchezaji akichemka unamuona anachemka leo, kesho, keshokutwa, hakuna wiki ya kupumua. Alafu kuna pesa. Desemba 1975 msuluhishi aliamua kesi ya wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, na kuanzia hapo mchezaji akimaliza muda wake anaweza kuuza huduma yake kwa timu yoyote, ndo mikataba mirefu ikaanza kupaa. Na mikataba ya besiboli inalindwa, ukisaini miaka 10 unalipwa miaka 10 hata kama huwezi kuugusa mpira, timu ikikuacha bado inakulipa. Shabiki anajua hizo hesabu zote. Kila ukikosa mpira anakuona na bei yako kichwani.

Haya tuanze na New York Yankees maana hapo ndo pana mfano mkubwa kuliko yote, Derek Jeter na Alex Rodriguez, wamecheza pamoja kuanzia 2004, mmoja upande wa kushoto wa uwanja na mwingine hatua chache pembeni yake.

Jeter walimchukua 1992 akitoka sekondari, wa sita kwenye orodha ya vijana ya mwaka ule, akacheza misimu 20 kuanzia 1995 hadi 2014 na hakuwahi kuvaa jezi ya timu nyingine. Hiti 3,465 (hiti ni kuupiga mpira ukafika salama kwenye besi, yaani kituo cha kukimbilia), ubingwa wa World Series, ile fainali ya ligi, mara 5, kepteni kuanzia 2003, na kura za Hall of Fame, jumba la magwiji, 2020 alipata 396 kati ya 397. Lakini namba sio sababu ya wao kumpenda vile. Walimpenda kwa vitu kama Julai 1 2004 dhidi ya Boston, mpira unaangukia karibu na jukwaa, jamaa akakimbia akaudaka na kwa ile kasi akajirusha mzima mzima kwenye viti vya watazamaji, akatoka uso unavuja damu. Au Julai 9 2011, anahitaji hiti mbili kufikisha 3,000, ile ya 3,000 akaipata kwa homurani (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja), na siku ile alipiga mara tano akapata zote tano.

A-Rod sasa, ndo Rodriguez huyo. Anakuja 2004 toka Texas na mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 252, ameshakuwa mchezaji bora wa msimu 2003, ana tuzo mbili za ulinzi za Gold Glove kwenye nafasi ile ile anayocheza Jeter, shotstopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu), na bado akakubali kuhamia besi ya tatu ili asimsumbue kepteni. Nafasi yenyewe ilikuwa wazi kwasababu Aaron Boone aliumia goti Januari akicheza basketi (huyo huyo Boone baadae akaja kuwa meneja wa Yankees). Watu wanalisahau sana hili la kumpisha Jeter na mimi huwa linaniuma, maana ni kitu kikubwa kwa mchezaji wa kiwango kile. Akawa MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, 2005, akawa MVP tena 2007 na homurani 54. Na walikuwa wanamzomea! Ilipofika mtoano 2006 dhidi ya Detroit alipata hiti 1 katika mara 14, meneja Joe Torre akamshusha mpaka namba 8 kwenye mpangilio wa kupiga, na kwa mashabiki hiyo 1 kwa 14 ikawa nzito kuliko homurani zote za msimu mzima.

Sio kwamba alikuwa hana makosa. Oktoba 2007 World Series ya Boston na Colorado ikiwa mechi ya nne inaendelea, ikatoka habari kwamba anavunja mkataba wake na Yankees, alafu akarudi na kusaini mwingine wa milioni 275. Februari 2009 akakiri kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu akiwa Texas kati ya 2001 na 2003. Na miaka ya mbele akafungiwa, adhabu ilikuwa mechi 211 ikapunguzwa zikawa 162, msimu wote wa 2014 hakucheza. Ila hapo katikati kuna 2009 ambayo lazima useme ukweli wake, kwenye mtoano wa mwaka ule alipiga homurani 6 na kuingiza pointi 18, na ule ndo ubingwa wa mwisho Yankees wameupata mpaka leo hii.

Kwa namba tupu A-Rod alikuwa na kipaji kikubwa kuliko Jeter, homurani 696 kwa 260 hakuna mjadala hapo. Lakini shabiki hakuwahi kuamka asubuhi akakuta habari mbaya ya Jeter, na hilo kwa mji kama New York lina thamani yake. Kama unanunua jezi ya kuvaa miaka 20 chukua namba 2 ya Jeter, timu ilishaistaafisha 2017, haitakaa ikuaibishe. Ya A-Rod mnunulie mtu ambae anaipenda besiboli yenyewe na yuko tayari kuelezea kila akiulizwa.

Kwa Yankees wa sasa hivi ni Aaron Judge na Giancarlo Stanton na hapo mambo ni mepesi kidogo. Judge amekulia kwenye timu, homurani 62 mwaka 2022, kepteni. Stanton alikuja toka Miami baada ya kupiga 59 mwaka 2017, na mechi yake ya kwanza nyumbani Aprili 2018 akatolewa kwa straiki (kushindwa mipira mitatu kwa zamu) mara tano akazomewa vizuri tu, miaka ikapita na majeraha yake, mpaka 2024 akawa MVP wa fainali ya American League (nusu moja ya ligi kuu, nyingine ni National League) dhidi ya Cleveland. Hao ukichukua yeyote hujakosea ila Judge ndo kipenzi.

Baltimore Orioles ni habari tofauti na inauma zaidi. Upande mmoja ni Cal Ripken Jr., mtoto wa Maryland kabisa, kakulia Aberdeen, baba yake alifanya kazi ndani ya timu hiyo hiyo miaka mingi mpaka akawa meneja. Ripken alicheza mechi 2,632 mfululizo bila kukosa hata moja, yaani zaidi ya misimu 16, na Septemba 6 1995 alipovuka rekodi ya Lou Gehrig ya 2,130 mechi ilisimama dakika 22 watu wanapiga makofi tu, akazunguka uwanja mzima anashikana mikono na watu wa kawaida kabisa. Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa, basi siku ile alitunzwa.

Upande wa pili Chris Davis. Huyu nae walimpenda, tena sana, 2013 alipiga homurani 53 na 2015 akapiga 47, ndo maana Januari 2016 wakampa miaka 7 kwa dola milioni 161, mkataba mkubwa kuliko wowote timu ilikuwa imewahi kutoa wakati ule. Alafu kiwango kikaisha. Sio kwa uvivu wala ulevi, mpira ulikataa tu. Msimu wa 2018 wastani wake ulikuwa .168, kwa lugha rahisi kila mara 1,000 za kupiga unapata hiti 168, na hakuna mchezaji mwenye zamu za kutosha kuhesabiwa aliyewahi kumaliza msimu chini ya hapo tangu mwaka 1900. Kuanzia Septemba 2018 mpaka Aprili 2019 akapiga mara 54 bila hiti hata moja, rekodi. Nyumbani walikuwa wanazomea, kisha ikafika hatua baadhi wakaanza kumshangilia kwa huruma, na sijui kipi kinamuumiza mtu zaidi kati ya hivo viwili. Ukame huo ulipokatika ulikatikia Boston, Aprili 13 2019, na siku hiyo alipata hiti tatu.

Huyo huyo Davis mwaka huo huo wa 2019, akiwa ndo kachokwa kabisa, yeye na mkewe walitoa dola milioni 3 kwa hospitali ya watoto ya University of Maryland. Alistaafu 2021 na pesa zake nyingine zimepangwa kulipwa kidogo kidogo mpaka 2037, kwahiyo bado kuna watu Baltimore wakisikia jina lake wanafikiria hundi tu. Mimi nasema kwa Orioles jezi ni ya Ripken, sina ubishi, lakini ukimsikia mtu anamtukana Davis mwambie habari ya hospitali.

Sasa Philadelphia Phillies, na hapa nitakaa maana kwa maoni yangu ndo kuna somo lenyewe la kuchagua.

Mike Schmidt ni mchezaji bora wa besi ya tatu ambae mchezo huu umewahi kuwa nae, wengi tu wanasema hivo sio mimi peke yangu. Misimu 18 yote Phillies, 1972 hadi 1989, homurani 548, MVP mara tatu, Gold Glove 10, na 1980 akawa MVP wa World Series timu ilipochukua ubingwa wake wa kwanza kabisa wakati imeanzishwa 1883. Hebu fikiria, karibu miaka mia moja mji unasubiri, kijana mliyemlea wenyewe anawaletea, alafu bado mnamzomea. Na walimzomea kweli miaka na miaka. Sababu yao kubwa ilikuwa kwamba anaonekana hajali, hapandwi na hasira, akitolewa anarudi benchi ametulia kama hakuna kilichotokea, na mji ule wanataka mtu achafuke jezi. Alafu 1983 World Series dhidi ya Baltimore akapata hiti 1 katika mara 20, hiyo haikumsaidia.

1985 ikafika pabaya, alipokuwa Montreal akawasema mashabiki wa Philadelphia kwa maneno makali kwenye gazeti, na mchezo uliofuata nyumbani kila mtu alijua uwanja utawaka moto. Schmidt akatoka kwenda kupasha amevaa wigi refu na miwani ya jua. Uwanja mzima ukacheka, wakamshangilia. Ni kitu kidogo ila kilionyesha kwamba yule waliyesema hana hisia alikuwa nazo siku zote na alikuwa anasikia kila neno.

Trea Turner ndo mwenzake wa kumlinganisha nae, ingawa njia ni kinyume. Schmidt wa nyumbani, Turner kaja Desemba 2022 kwa miaka 11 na dola milioni 300. Mwezi Machi alikuwa ametamba na timu ya taifa ya Marekani kwenye World Baseball Classic, akatua Philadelphia akiwa juu, msimu ukaanza, akazama. Kufika Agosti 2023 wastani ni .235, anakosa mipira rahisi kwenye ulinzi, na kule Miami makosa yake yakachangia kupoteza mechi, wenyewe wakawa wameshamzomea vya kutosha. Timu ikarudi nyumbani Agosti 4 kucheza na Kansas City na watu walikuwa wameambiana kabla, redioni na mitandaoni, kwamba leo tunafanya tofauti. Turner anatoka kwenda kupiga mara ya kwanza, uwanja mzima ukasimama ukampigia makofi.

Kesho yake akapiga homurani. Kuanzia siku ile mpaka msimu unaisha wastani wake ulikuwa .337 na homurani 16, wakati kabla ya hapo alikuwa nazo 10 tu, na akamaliza ameiba besi 30 (kukimbilia besi ya mbele bila mwenzake kupiga mpira) bila kukamatwa hata mara moja. Baadae akalipia mabango barabarani kuwashukuru watu wa Philadelphia. 2025 akaongoza National League nzima kwa wastani wa kupiga, .304. Kuna watu wa takwimu watakwambia angerudi tu kwenye kiwango chake hata bila yale makofi, mchezaji wa daraja lile hawezi kubaki chini mwaka mzima, na inawezekana wako sahihi. Lakini yeye mwenyewe amesema yalimsaidia na mimi nachukua neno la mwenye mwili wake.

Schmidt aliwapa kila kitu wakampa makelele, Turner alikuwa hajawapa kitu wakampa makofi, na mji ni ule ule. Hapa ndo naona kumchagua mchezaji kwa kufuata kelele za uwanja ni hatari. Nani yupo sahihi unakuja kumjua baadae sana.

New York Mets nao wana mtu wao wa aina hiyo, Francisco Lindor, 2021 kasaini miaka 10 kwa milioni 341, mwezi wa kwanza tu wa msimu wanazomea, na Agosti mwaka huo yeye na Javier Báez wakaanza kuonyesha dole gumba chini kila wakipiga vizuri, Báez akasema wazi kwamba wanawarudishia mashabiki zomeazomea zao. Ikawa kesi, wakaomba radhi. Basi Oktoba 9 2024, mtoano dhidi ya Phillies, besi zote zimejaa, Lindor akaipeleka nje, pointi nne kwa mpigo mmoja na Mets wakasonga mbele, na sasa ni ngumu kumpata wa Mets asiyempenda. Báez yeye alienda Detroit kwa milioni 140, wakamchoka miaka mitatu, mwaka wa nne 2025 akahamishiwa ulinzi wa mbali nyuma ya besi na akaanza kwenye mechi ya All-Star, mechi ya nyota wa ligi. Ila kwa Mets msinunue jezi ya zamani ya Bobby Bonilla mkidhani ni kumuenzi mtu, yule kila Julai 1 analipwa dola 1,193,248.20 toka 2011 mpaka 2035 kwasababu timu ilikubali kuahirisha milioni 5.9 kwa riba ya asilimia 8, na wenyewe hiyo tarehe inawachoma.

Chicago Cubs kwa haraka, Ernie Banks au Sammy Sosa. Banks homurani 512, MVP mfululizo 1958 na 1959, mechi 2,528 na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mtoano maana timu ilikuwa mbovu, na bado kila siku anakuja anacheka anasema tucheze mechi mbili leo. Sosa homurani 545 akiwa na Cubs, hakuna aliyempita hapo, 66 mwaka 1998. Ila 2003 rungu lake likapasuka likakutwa limejazwa koki ndani, kitu kilichokatazwa, na siku ya mwisho ya msimu wa 2004 akaondoka uwanjani mechi ikiwa ndo kwanza imeanza. Akakaa nje ya familia ya Cubs miaka 20, mpaka Desemba 2024 alipotoa tamko la kuomba radhi wakamualika. Hapa sina shida kusema chukua Banks. Kuwaacha wenzako mechi ikiendelea ni kitu ambacho mimi binafsi hakinishuki.

Na Boston Red Sox, jamani, Bill Buckner. Mpira ulimpita katikati ya miguu Oktoba 25 1986 mechi ya sita ya World Series, na mtu mwenye hiti 2,715 akabebeshwa huzuni ya mji mzima wakati kabla ya mpira ule warusha mpira wa Red Sox walikuwa wameshaharibu uongozi wa pointi mbili. Aprili 2008 walimrudisha kurusha mpira wa kwanza, wakasimama wakampigia makofi muda mrefu. David Ortiz ndo kipenzi chao na anastahili, Minnesota walimuacha, 2004 akawamaliza Yankees usiku mbili mfululizo. Jezi ya Ortiz utaiona kila kona Boston, ya Buckner hutaiona, ukiivaa wewe watu wazima watakusimamisha kuongea na wewe.

Kwahiyo kama unachagua leo, angalia vitu viwili vitatu. Kama unataka utulivu, jezi ambayo haitabadilika maana, chukua aliyelelewa na timu na akastaafu hapo hapo, Ripken, Jeter, Banks. Kama unataka kufuatilia mtu anaecheza sasa hivi, usinunue mwaka wa kwanza wa mkataba mkubwa, subiri aone nyumbani kwake wakimzomea walau mwezi mmoja uone anafanya nini, anajibu, anajificha, au anakuja mapema mazoezini na kupiga mpaka taa zinazimwa. Na wale waliochokwa ambao kosa lao ni kiwango kushuka tu, kama Davis, wape heshima hata kama hutavaa jina lao, hakuiba kitu cha mtu.

Mimi kwa anaeanza leo bila timu namshauri namba 7 ya Turner pale Phillies. Ameshazomewa, ameshapigiwa makofi, anaujua mji na mji unamjua, na mkataba wake unaenda mpaka 2033 kwahiyo jezi utaivaa misimu mingi.